Kiyoyozi cha gari kinachotoa joto kwenye foleni

Ndugu yangu, umeeleza kwamba kiyoyozi cha gari lako hupoza vizuri ukiwa barabara kuu, lakini mara tu unapokwama kwenye foleni hutoa hewa ya uvuguvugu. Hapo mimi ningeishuku feni ya mbele kabla ya gesi, kwa kuwa gari likiwa mwendoni upepo wa barabarani husaidia kupoza kondensa (kifaa kinachotoa nje joto la gesi ya kiyoyozi), na likisimama kazi hiyo hubaki kwa feni peke yake.

Washa injini na kiyoyozi, fungua boneti, kisha tazama bila kuingiza mkono, maana feni huweza kuanza kuzunguka ghafla. Isipozunguka, kagua fyuzi na rilei yake (swichi ya umeme inayoiwasha). Ikizunguka, zima injini uangalie kondensa iliyo mbele ya rejeta. Yangu niliikuta imezibwa na vumbi, wadudu waliokauka na kipande cha mfuko wa nailoni, nikaiosha kwa maji yasiyo na nguvu ili mapezi yake membamba yasipinde.

Tafadhali usikubali kuongezewa gesi kabla fundi hajapima presha na kutafuta uvujaji, kwani mimi nililipia gesi mara mbili bure. Alama za mafuta kwenye maungio ya mabomba huashiria uvujaji, ila usiyafungue mwenyewe: gesi ikichomoka huunguza ngozi na macho kwa baridi yake.

Mshale wa joto la injini ukipanda, zima kiyoyozi, egesha gari na umwite fundi, kwa sababu katika magari mengi feni hiyohiyo ndiyo inayopoza injini.