Ngitili ya baba tuigawe?

SWALI: Shikamoo Babu. Marehemu baba alituachia ekari kumi na mbili za ngitili, yaani malisho ya akiba yanayofungwa hadi kiangazi, huku Kishapu, mkoani Shinyanga. Tuko ndugu wanne. Wadogo zangu wanataka tugawane ekari tatu tatu, tuchome mkaa kisha tulime pamba. Mimi nasita, ila wakiniuliza inatuingizia nini sina jibu.
Kaka Mkubwa

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Nawe waulize: maksai watakula nini mwezi wa kumi?

Hapo ndipo ngitili inapolipa. Mnaifunga mvua zikianza, nyasi zinakomaa, kiangazi kikikaza mnaifungua kidogo kidogo, ndama na maksai wa kulimia wakitangulia. Baba yangu mdogo alimaliza yake kwa mkaa. Mvua iliponyesha, maksai wake walikuwa mbavu tupu, wakalala shambani na nira shingoni. Alilima kwa ng'ombe wa kuazima, majirani wameshapalilia. Kwa hiyo, hiyo pamba wanayoitamani inalimwa na nyasi za ngitili.

Mkaa peke yake ningeusamehe, maana kisiki kinachipua. Zamani huku Usukumani miti ilifyekwa ili kuua mbung'o na kupata mashamba, hadi mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986 ngitili zilizosalia Shinyanga zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimevuka hekta 300,000. Sehemu kubwa haikupandwa na mtu: watu walifunga maeneo, migunga ikajiotea kutoka kwenye mizizi ya zamani. Lakini pamba inataka visiki ving'olewe. Mkishang'oa, wajukuu zenu hawatakuwa na cha kufunga.

Ekari tatu nazo ni kipande cha kulishia mbuzi tu. Msigawane ardhi, gawaneni mazao yake: kuni kavu, fito, nyasi za kuezeka, mizinga ya nyuki. Mwenye shida ya fedha auze nyasi.

Kisha nendeni halmashauri ya kijiji mkaombe hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina la familia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu. Na hao ndugu wanne, dada zako umewahesabu? Sheria hiyo hiyo inawatambua.

Nendeni sasa, kabla ya mvua. Zikishaanza kila mtu yuko shambani, na kikao cha kijiji hakitimii.