Mjusi tunamjua, Boheti je?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ni jambo gani la historia ya kwenu ambalo hata majirani zako hawalijui? Mimi ni mtu wa Lindi, na jibu langu ni jina la mtu: Boheti bin Amrani, msimamizi wa waliochimba mifupa ya mjusi mkubwa wa kale, yaani dinosaria, wa Tendaguru.

Mjusi mwenyewe huku anajulikana. Ukitaja Tendaguru, kile kilima kilicho kama kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa Lindi mjini, hata mtoto wa darasa la nne atakwambia mjusi wetu yuko Berlin. Mwaka 1906 mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Sattler, aliona mfupa mkubwa umetokeza ardhini. Kati ya 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin yakaleta wataalamu wao, wakiongozwa na Werner Janensch, wakaondoka na mifupa ya zaidi ya tani 200. Mjusi aliyesimamishwa kule mwaka 1937 ana kimo cha zaidi ya mita 13.

Hayo yameandikwa sana. Mimi nauliza: tani 200 zilifikaje bandarini? Reli haikuwepo, barabara ya gari haikuwepo. Zilibebwa na watu, kichwani na begani, mwendo wa siku kama nne porini hadi Lindi. Mfupa wa paja unaomzidi mtu kimo haubebwi na mmoja, kwa hiyo ulitolewa vipande vipande. Vipande vikubwa vilifunikwa plasta, vingine vikafungwa ndani ya mianzi, kila furushi likitosha mgongo wa mtu mmoja. Na vita vya Maji Maji vilikuwa vimeisha 1907 tu! Watu waliobeba mizigo ile walikuwa wametoka kwenye njaa na misiba.

Mashimoni wafanyakazi walifika kama 500, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti. Hakuwa wa kupiga kelele za "chimba" tu. Alikuwa fundi wa kuitayarisha mifupa: kuondoa udongo taratibu kwenye kitu kilicholala chini miaka kama milioni 150, ambacho ukikosea kidogo kinapasuka mkononi. Waingereza walipokuja kuchimba wao miaka ya 1920, walimhitaji yeye yule. Mwaka 2007 mjusi mwingine wa Tendaguru alipewa jina la kisayansi Australodocus bohetii. Hilo neno la pili ni Boheti wetu.

Shuleni niliulizwa nani aligundua mjusi wa Tendaguru, nikaandika jina la Mjerumani, nikapewa vema. Boheti nilikuja kumsikia nikiwa mtu mzima, na iliniuma, inaniuma hadi leo. Nikipita ufukweni jioni huwaza mafurushi yale ya mianzi yakisubiri meli, na walioyaleta wakigeuza njia kurudi kufuata mengine.

Kama kuna msomaji wa Mipingo, Lindi au popote karibu ambaye babu yake aliwahi kuitaja safari hiyo, hata kwa sentensi moja, naomba aiandike na kuituma.