Mapenzi ya Wanafunzi Uswahilini: Maswali Yenu

Nimekuta barua ya mapenzi kwenye daftari la binti yangu wa miaka 15; mwandishi ni mwenzake wa darasani. Nimchape? (Mama, Manzese)

Usimchape. Katika nyumba za kupanga, ambako familia sita hugawana bomba moja, vijana hukutana na madumu mikononi kila alfajiri, na kuvutiwa ni jambo la umri wao. Bakora itamfundisha kuficha vizuri zaidi. Mwite mchambue mchele pamoja, mwulize huyo kijana ni nani, kisha mweleze mipaka yako bila kumdhihaki.

Dereva wa bodaboda humpeleka mdogo wangu shuleni bure, na jioni humnunulia chipsi mayai. Mama anasema huo ni msaada. (Kaka, Tandale)

Namwelewa mama yako, kwa kuwa makondakta wengi wa daladala huwakwepa wanafunzi kutokana na udogo wa nauli yao, na mtoto aliyeachwa kituoni huchapwa kwa kuchelewa. Hata hivyo, nauli isiyodaiwa leo hudaiwa kesho kwa namna nyingine, na mimi humhofia zaidi mtu mzima mwenye chipsi kuliko mwanafunzi mwenye barua. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 haitambui ridhaa ya msichana aliye chini ya miaka 18, na tangu Sheria ya Elimu iliporekebishwa mwaka 2016 anayempa mimba mwanafunzi hukabiliwa na kifungo cha miaka 30. Mlipeni dereva nauli yake yote, au binti atembee na wenzake. Akiendelea kumfuata, nendeni Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au pigeni 116, namba ya msaada kwa watoto, bila malipo.

Mpenzi wangu anataka nywila ya simu ninayotumia, ambayo ni ya mama, kama uthibitisho kwamba nampenda. (Binti, miaka 17, Buguruni)

Usimpe. Isitoshe, unasema simu ni ya mama yako.

Mwanangu amepata mimba akiwa kidato cha pili. Wazee wanataka aozwe upesi. (Baba, Mbagala)

Kumwoza mwanafunzi nako ni kosa chini ya marekebisho yale yale ya mwaka 2016. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikataa vifungu vya Sheria ya Ndoa vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18, na tangu Novemba 2021 mwanafunzi aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni. Zungumza mapema na mkuu wa shule yake. Wazee nao waulizwe nani kati yao atamlea mtoto saa za vipindi.