Mlinzi Amlinde Mlinzi?

Swali: Nafundisha mpira wa kikapu vijana wa chini ya miaka 16 hapa Tanga. Juzi niliandika ubaoni mpango wa kuzuia: "Kila mlinzi amlinde mlinzi wa timu pinzani." Vijana wakaangua kicheko, mmoja akauliza kama na rungu atapewa. Nimekosea wapi? Tena, katika zoezi la kwenda na mpira, niseme "dunda mpira" au "dundisha mpira"? – Mwalimu wa kikapu, Chumbageni

Jibu: Mwalimu, sarufi yako haina kasoro. Vijana hawakucheka upatanisho wa ngeli, walicheka maana.

Kulinda hutaka kufuatwa na kitu unachokitakia heri. Mama hulinda mwanawe, mkulima hulinda mahindi yasiliwe na ngedere, na mzee akaaye getini usiku hulinda mali ya tajiri. Ukimwambia kijana "mlinde namba 7", kwa Kiswahili alichonyonya nyumbani umemwambia ahakikishe namba 7 hapati madhara. Afunge salama, arudi kwao salama.

Anayezuiwa asifunge hukabwa. Wapo wazazi wasiolipenda neno hili kwa kuwa wamelizoea kwa vibaka: fulani kakabwa uchochoroni, kanyang'anywa simu. Lakini lisikilize vizuri. Nguo ikikubana shingoni, inakukaba. Kanzu nayo ina kaba yake, pale shingoni. Timu mbili zikilingana nguvu, tunasema zimekabana koo. Kinachobaki katika maana zote hizo ni ukaribu unaobana, na ndicho unachokitaka uwanjani: kijana asimame karibu na mwenzake hata yule akose nafasi ya kupumua. Kumshika hakumo. Akimshika ni faulo, na kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, faulo ya tano humtoa mchezaji mchezoni. Watangazaji wa soka walishalitakasa neno hili redioni zamani, wakalizalia na kejeli yake: beki anayemwangalia mshambuliaji akipita tu, husemwa "anakaba kwa macho". Mwalimu wa kikapu akiikosa kejeli hiyo sijui atawagombezaje vijana wake.

Kwa hiyo vitenzi hivi viwili havishindani. Kimoja hutaka kilicho chako, kingine hutaka mtu wa upande wa pili. Na hapo ndipo utapata faida ambayo pengine hukuitarajia. Makocha wa kikapu wana njia kuu mbili za kuzuia. Katika ya kwanza kila mchezaji hupewa mtu wake, akamfuata popote aendako. Katika ya pili hupewa kipande cha uwanja, na yeyote aingiaye humo ni wake mpaka atoke. Ya kwanza iite kukaba mtu kwa mtu. Ya pili iite kulinda eneo, kwa sababu eneo ni letu, na letu hulindwa. Ukiyashika maneno hayo hivyo bila kuyachanganya, hutahitaji kufafanua. "Kabeni!" Kila mmoja anamtafuta mtu wake. "Lindeni!" Kila mmoja anarudi kwenye kipande chake. Neno moja moja linatosha, nawe unalihitaji liwe moja, maana timu yenye mpira ina sekunde 24 tu za kulenga. Sentensi yako ya ubaoni ingemalizika wakati mpira umeshaingia.

Sheria nazo zinakubaliana na lugha katika hili. Kikapu cha timu ni kile inachokilinda, si kile inachokishambulia. Kwa hiyo "kikapu chetu" ni kilicho nyuma yetu. Nimesikia vijana wakilitumia kinyume, mmoja akishangilia "kikapu chetu kimeingia!", nami namsamehe kwa sababu ya furaha.

Ukilinda eneo kwa wachezaji wawili na watatu, usiseme "wawili mbele, watatu nyuma". Mbele ya nani? Anayelinda anaelekea upande mmoja na anayeshambulia anaelekea upande mwingine, na mpira ukinyang'anywa mbele inageuka nyuma. Nilikaa alasiri moja pembeni ya uwanja mmoja wa saruji, baiskeli zimeegemezwa ukutani kama desturi ya mji wetu, nikasikiliza tu. Wachezaji wenyewe husema *juu* na *chini*. Chini ni karibu na nguzo ya kikapu, juu ni kuelekea mstari wa kati. Wawili juu, watatu chini. Hakuna aliyewafundisha, nami sina la kuongeza.

Sasa huyu mlinzi wako wa pili, yaani jina la nafasi. Kikapu kilipoanza, wachezaji waligawanywa kuwa wa mbele, wa kati na wa nyuma, na wa nyuma kazi yao kubwa ilikuwa kuzuia. Mchezo ukabadilika, jina la Kiingereza, *guard*, yaani mlinzi, likabaki. Leo yule anayeitwa mlinzi ndiye anayepandisha mpira na kupanga mashambulizi, halafu sisi tukatafsiri jina tukaiacha kazi. Matokeo yake mzazi anaambiwa mwanawe ni mlinzi, na akija uwanjani anamwona muda wote anashambulia.

Ningekushauri umwite *mchezeshaji*, kama soka inavyomwita kiungo anayewachezesha wenzake. Utaniambia mwamuzi naye huchezesha. Ni kweli, lakini mwamuzi huchezesha mechi na huyu huchezesha watu, na hakuna atakayewachanganya maana mmoja ana filimbi mdomoni. Au fanya kama soka ya mitaani ilivyofanya siku zote: taja namba. Anayesema "fulani anacheza namba sita" haulizwi tena na mtu yeyote katika nchi hii. Kikapu kina moja mpaka tano, nazo zinafahamika kila kocha aendapo. Tahadhari iwe kwenye jezi tu. Kwa miaka mingi jezi za mashindano ya FIBA zilianzia namba 4, kwa hiyo moja, mbili na tatu zilikuwa huru. Siku hizi namba hizo nazo huvaliwa. Basi sema "anacheza namba moja" kwa nafasi na "amevaa saba" kwa jezi. Kitenzi kitabeba tofauti.

Nirudi kwenye kudunda. Mpira hudunda, mchezaji hudundisha. Ni njia ileile ya *shuka* na *shusha*, *anguka* na *angusha*: kitu kinafanya, mtu anakifanyisha. Wanaosema "dunda mpira" hawajaharibu, kwani dunda pia ni kupiga, na mpira kweli unapigwa na kiganja. Lakini kwa zoezi lako chagua dundisha, kwa sababu utaihitaji dunda tupu mahali pengine. Kuna pasi inayotoka kifuani kwenda kifuani, na kuna ile inayogusa chini kwanza kabla ya kumfikia mwenzako. Hiyo ya pili ni *pasi ya kudunda*. Mpira umeshamtoka mtu mkononi, unadunda wenyewe. Kijana akisikia "dundisha" ajue mpira unabaki naye, na akisikia "ya kudunda" ajue unaondoka.

Inafaa kuwaambia vijana kwamba James Naismith alipouanzisha mchezo huu huko Springfield, Marekani, mwezi Desemba 1891, kudundisha hakukuwamo katika sheria zake 13. Mwenye mpira hakuruhusiwa kukimbia nao, alitakiwa aurushe kutoka pale alipoudakia. Na vikapu vilikuwa vikapu kweli, vya kubebea matunda, vyenye kitako, hata mpira ukiingia mtu apande kuutoa. Bibi zetu wanaosuka kwa ukindu wangeliona kosa siku ya kwanza.

Umenitajia pia, chini kabisa ya barua, kosa unaloliita "kudundisha mara mbili". Hilo livunje leo. Mchezaji anaweza kudundisha mara mia asikosee. Kosa ni kuudundisha, akaushika kwa mikono miwili, kisha akaanza upya. Hiyo ni kudundisha *mara ya pili*. Silabi ya *ya* peke yake ndiyo inayotenganisha hesabu na marudio, na mchezaji mgeni asiyeisikia atadundisha mara moja, aogope, atoe pasi mbovu. Nimemwona mmoja akifanya hivyo hasa, na kocha wake akamlaumu kwa woga.

Ubaoni andika hivi: *Kila mtu amkabe wake. Kikapu tunakilinda wote.* Na ukitaka kusifu, "amefunga" inatosha, au "amefunga mbili". Usiseme "amefunga kikapu", si hapa Tanga, ambako mtu akifunga kikapu tunatazama keria ya baiskeli yake.