Usisaini kwa sababu ya cheti, hesabu cherehani kwanza

Usisaini! Umeandika kwamba kiwanda cha nje mlichokipata cha kuwashonea nguo kina cheti cha SA8000, kile cha kimataifa cha haki na usalama wa wafanyakazi, na bei yake nzuri, sasa unauliza udai vyeti gani vingine na suala la hewa ya ukaa uliwekeje kwenye mkataba. Weka vyeti na hewa ya ukaa pembeni kwanza.

Nilikuwa nasimamia ununuzi wa sare. Cheti kilikuwepo, ripoti ya ukaguzi safi, na mshauri tuliyemlipa akaapa hatuna la kuhofia. Nikaagiza mashati 40,000 kwa wiki 5. Katikati ya kazi tukabadilisha kola, lakini tarehe ya mzigo tukakataa isogezwe hata siku moja. Nikaenda bila taarifa, nikakuta cherehani 60. Hata kila fundi angetoa mashati 10 kwa siku, siku 6 kwa wiki, yangefika 18,000. Hayo 22,000 yalikuwa yanashonwa wapi?

Dereva wao ndiye aliyenipeleka. Nyumba ya kawaida, mlango una kufuli kwa nje, madirisha yana nondo. Ndani, wanawake wamebanana bega kwa bega wanashona kola yetu, ile ile mpya. Mmoja alikuwa amechomwa na sindano, kidole amekifunga kwa kipande cha kitambaa chetu. Nembo ya kampuni yetu ilikuwa imelowa damu.

Nilipompigia mshauri akajibu, "Mbona viwanda vyote hufanya hivyo." Kumbe alijua! Alijua, akanyamaza, akala hela yetu. Mpaka leo nikimkumbuka napandwa na hasira.

Na usidhani ni mimi tu. Kiwanda cha Ali Enterprises, Karachi, kilipewa cheti hicho hicho Agosti 2012. Septemba 11 kikaungua, wakafa watu zaidi ya 250. Madirisha yalikuwa na nondo, milango imefungwa.

Kwa hiyo dai idadi ya cherehani na mafundi, ugawanye oda mwenyewe uone kila fundi anatakiwa kushona ngapi kwa siku. Oda isipoenea, ongeza wiki au punguza mzigo, na mkataba useme wazi kwamba hakuna shati linalotoka kwenda kushonwa kwingine bila idhini yako ya maandishi. Ukibadilisha mchoro, tarehe nayo isogee.

Hao watu wako wana cherehani ngapi? Weka hapa hiyo namba na tarehe ya mzigo, tupige hesabu leo kabla hujashika kalamu.