Kisamvu kwa magadi bila kutwanga

Dada ameuliza kama anaweza kupika kisamvu, yaani majani ya mhogo, kwa magadi bila kukitwanga. Hapana dada, magadi hayachukui nafasi ya kutwanga. Yanalainisha majani tu, na yakizidi yanaua vitamini. Sumu ya kisamvu inaondoka jani likipondeka: kimeng'enya (kitu cha asili ndani ya jani kinachovunjavunja vitu vingine) kilichomo humo humo kinaivunja, inageuka gesi ya sianidi, halafu moto unaitoa na mvuke. Kwetu Newala mama zetu hutwanga mpaka kiwe laini kabisa, wanakiacha kidogo kinuni, ndipo wanakibandika. Sufuria iwe wazi mwanzoni, tafadhali, usifunike. Kama huna kinu, mashine ya kusagia inafaa.

Ila kama shamba lako ni la mihogo michungu, twanga sana na uchemshe muda mrefu zaidi, hasa kama watoto watakula.

Na nazi ikipanda bei usiache kupika. Saga korosho za vipande, zile zilizovunjika wakati wa kubangua, utie kisamvu kikishaiva. Kiangazi mchicha umekauka wote bustanini, mhogo bado una majani, kwa hiyo hiki ndicho chakula cha kutuvusha mpaka mvua za Desemba.