Mtoto Akikwama Hisabati, Fungua Pia Daftari la Lugha

Wazazi wa watoto wa darasa la nne, la tano na la sita hunijia na swali lile lile: "Mwalimu, hisabati imemshinda, nimtafutie tuisheni?" Siku hizi sijibu kabla mtoto hajanisomea kwa sauti swali kama hili: Kaka ana penseli 24. Penseli hizo ni mara tatu ya penseli za dada. Dada ana ngapi?

Wengi hujibu 72, tena fasta. Wameona "mara tatu", mkono ukakimbilia kuzidisha. Lakini ukiwaandikia 24 ÷ 3, hawakosei. Kugawanya wanajua, sentensi ndiyo iliyowapita. Mtoto wa namna hii ukimpeleka tuisheni ya hisabati, atarudia mazoezi ya kitu anachokiweza tayari. Mwambie afunike namba kwa kidole, asimulie kisa kwa maneno yake: nani ana nyingi, nani ana chache? Akishasema dada ana chache, ile 72 ataikataa mwenyewe.

Nimeanzia hapo kwa sababu madarasa haya ndivyo yalivyo. Kule chini kila somo lilikuwa likijisimamia kwa kiasi fulani. Kuanzia la nne masomo yanaegemeana, na udhaifu wa somo moja hujitokeza kwenye daftari la jingine.

Tazama ramani. Kwenye kipimio cha 1:50,000, sentimita moja ya karatasi ni mita 500 za ardhi. Mtoto anapima vizuri sentimita 7 kutoka darajani hadi shuleni, kisha anaandika kilomita 35 badala ya 3.5. Jiografia ameielewa, ila nukta ya desimali ndiyo inayomchanganya. Muulize ipi kubwa, 0.35 au 0.4. Huenda akachagua 0.35, maana 35 inaizidi 4. Mwandikie 0.40 chini ya 0.35, tarakimu chini ya tarakimu, atanyamaza kisha atacheka. Historia nayo ina mtego wake: mwaka 1850 ni karne ya 19, wala si ya 18, na mstari wa wakati uliochorwa kwa rula hulimaliza hilo upesi.

Sehemu ndizo zinazowaacha wengi njiani. Kosa maarufu ni 1/2 + 1/3 = 2/5: amejumlisha kiasi kwa kiasi (namba za juu), asili kwa asili (namba za chini). Kabla hujamtajia KDS (kigawe kidogo cha shirika), muulize kama 2/5 ni zaidi ya nusu au ni pungufu. Ni pungufu. Sasa, ulikuwa na nusu, ukaongezewa, ikawaje ukabaki na pungufu ya nusu? Mwache ahangaike nalo kidogo. Kisha chora mstatili wenye vyumba 6 vilivyo sawa: nusu ni vyumba 3, theluthi ni vyumba 2, jumla 5/6. Nimeona watoto waliokuwa wakiikariri KDS kama dua wakiuliza wenyewe, "Kumbe ile 6 ndiyo hii?"

Kwenye sayansi nina kisa nikipendacho. Jan Baptist van Helmont, mtafiti wa Brussels aliyefariki 1644, alipanda mche wenye uzito wa kilo 2 na ushei katika udongo mkavu wa kama kilo 90, akaumwagilia maji kwa miaka 5. Mti ukafikia kilo 77 hivi. Udongo alipoukausha na kuupima tena, ulikuwa umepungua takriban gramu 57 tu. Nawapa wanafunzi namba hizo bila hitimisho, nawauliza uzito umetoka wapi. Karibu wote husema udongoni, kisha wanafanya hesabu ya kutoa na kukuta haiwezekani. Van Helmont mwenyewe alidhani ni maji peke yake. Hakujua kwamba majani huchukua pia kabonidayoksaidi kutoka hewani. Usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga, walikuwa wameshaukariri kwa ajili ya mtihani. Hapa ndipo wanapoutumia, na lazima waandike sentensi kamili yenye "kwa sababu". Wanaolia zaidi ni wale wasiopenda insha.

Nyumbani huhitaji kuyajua yote haya. Kusanya madaftari yote mezani, si la hisabati tu, utafute kosa linalojirudia. Muulize "umelipataje hili?" hata kwa majibu aliyopatia, la sivyo atazoea kwamba ukiuliza tu basi amekosea. Na ukija shuleni, usiniulize amekuwa wa ngapi, niulize anakosea wapi. Orodha ya nafasi haitofautishi asiyejua kugawanya na asiyeelewa swali.

Ikidhihirika kwamba tatizo ni hisabati yenyewe, angalia kwanza tebo ya 6 hadi ya 9 kabla ya kulipia tuisheni yoyote. Asiyezijua hukwama kwenye kugawanya, kwenye KDS na kwenye asilimia pia, na dakika chache za kuulizana kila jioni zinatosha kuanzia.